Kisu, Mpini na Jina: Kisa cha Kisu cha Kukunja cha Laguiole

Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Vijana wengi wa leo huipokea methali hii nusunusu, kwa kuwa vitenzi vyake viwili vimeanza kuwapotea. Kusana ni kufua chuma. Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivuo. Mtoto aliyezaliwa katika kiwanda cha mhunzi, hata kama hakujaliwa mkono wa nyundo, hakosi kazi ya kufanya penye moto. Nimeitanguliza methali hii kwa sababu mimi si mhunzi wala si mwana wa mhunzi. Mimi ni mwalimu wa lugha, na kazi yangu hapa ni kuvukuta tu: kuupuliza kidogo moto wa kisa ambacho wengine wamekifua kwa jasho lao.

Kisa chenyewe ni cha kisu kidogo cha kukunja kinachofuliwa katika mji mdogo wa nyanda za juu za Ufaransa. Msomaji anaweza kuuliza kisu cha Wafaransa kinatuhusu nini sisi watu wa mashairi na lugha. Namwomba avute subira. Kisa hiki kinaanza na chuma na pembe, lakini kinaishia kwenye neno.

Sarafu ya shilingi mia

Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mstaafu kutoka kusini mwa Ufaransa alikuja Unguja kujifunza Kiswahili. Tulifahamiana huko, na kabla hajarejea kwao akaja Tanga kutuaga. Alimletea marehemu baba yangu zawadi: kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe ya ng'ombe, mwembamba, uliopinda kidogo kama nyusi. Baba alipokipokea, mgeni hakuondoa mkono wake. Akasema kwa adabu, "Mzee, naomba sarafu."

Baba akashangaa. "Mwanangu, tangu lini zawadi ikalipiwa?"

Mgeni akaeleza kuwa kwao kisu hakitolewi bure. Kikitolewa bure hukata urafiki. Hivyo mpokeaji hutoa sarafu, hata iwe ndogo namna gani, ili kisu kihesabiwe kuwa kimenunuliwa na urafiki ubaki mzima. Baba akacheka mpaka akajifuta macho, akatoa sarafu ya shilingi mia. "Haya, tumeuziana," akasema. "Sasa hapana wa kumkata mwenziwe."

Mimi nilikichukua kisu nikasoma jina lililochorwa kwenye bapa: Laguiole. Nililisoma kama Mswahili yeyote angelisoma, kila herufi na haki yake. Mgeni akatabasamu, akanisahihisha: kwao hutamkwa karibu na "Layoli". Nikamuuliza ile g imekwenda wapi. Akanijibu kwamba haijakwenda popote, kwa kuwa tangu asili jina si la Kifaransa. Ni la Kioksitani, lugha ya kale ya kusini mwa nchi hiyo, na katika lugha hiyo mji huitwa La Guiòla. Wengi hulihusisha jina hilo na neno lenye maana ya kanisa dogo. Wafaransa waliliandika kwa mazoea yao, wenyeji wakaendelea kulitamka kwa yao.

Akaongeza jambo lililonichoma. Zamani shuleni, mtoto wa kusini aliyesikika akisema Kioksitani alivishwa alama ya aibu, akakaa nayo mpaka atakapomnasa mwenziwe mwenye kosa hilohilo. Nikanyamaza, kwani na mimi, katika shule niliyosoma, nilikwisha kuning'iniziwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili. Tangu siku ile niliona kisu kile kina undugu nasi.

Kilivyozaliwa

Laguiole umo katika jimbo la Aveyron, juu ya uwanda wa Aubrac, kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya baridi kali, majani mengi na ng'ombe wenye pembe ndefu zilizopinda kama kinubi. Wachungaji wa huko walitumia kisu kisichokunjika, chenye mpini wa mti, kilichoitwa capuchadou. Wenyeji husimulia kwamba wanaume wa Aubrac, ambao wakati wa baridi walishuka hadi Katalunya kupasua mbao, walirudi na kisu cha kukunja cha Wahispania, navaja. Katika kukutana kwa visu hivyo viwili, mfua visu Pierre-Jean Calmels alitengeneza mnamo 1829 kisu kilichobeba jina la mji wake.

Kisu hicho kilikua pamoja na maisha ya wenyewe. Karibu na mwaka 1840 kiliongezewa msumari mrefu wenye ncha kali, unaokunjika upande wa pili wa mpini. Mchungaji aliutumia kutobolea ngozi za hatamu, na katika saa ya hatari, kutobolea tumbo la ng'ombe aliyevimba kwa gesi baada ya kula majani mabichi. Kisha watu wa Aveyron wakaanza kuhamia Paris kutafuta riziki. Waliuza makaa, wakafungua migahawa, wakahudumia wanywaji. Kwa hiyo kwenye mwaka 1880 kisu kikapata kizibuo cha chupa. Ukiwa na kisu chenye viungo vyote vitatu unasoma historia nzima ya jamii mkononi: makali ni ya mkate, msumari ni wa ng'ombe, kizibuo ni cha mjini.

Juu ya mgongo wa kisu, pale makali yanapoungana na mpini, pana umbo dogo linalofanana na nyuki. Wauzaji hupenda kuhadithia kwamba Napoleon Bonaparte aliwatunuku watu wa Laguiole nyuki huyo kwa ushujaa wao vitani. Hadithi ni tamu, ila haipatani na tarehe: Napoleon alifariki 1821, miaka minane kabla ya kisu chenyewe kuzaliwa, na nyuki alianza kuchongwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mafundi wenyewe hukiita kipande hicho kwa neno lao la nzi, na kabla ya nyuki kilipambwa kwa ua au kikaachwa kitupu. Sisi tunaoishi katikati ya hadithi za asili ya majina ya miji yetu tunaelewa: panapokosekana ukweli ulioandikwa, mtu mkubwa huitwa aje azibe pengo.

Kuna na alama nyingine ninayoipenda zaidi. Katika visu vingi, vijisumari vidogo hupigwa kwenye mpini kwa umbo la msalaba. Inasimuliwa kwamba mchungaji aliyekuwa mbali na kanisa alikichoma kisu kwenye mkate au ardhini, msalaba ukasimama mbele yake, naye akasali.

Pembe, mti na moto

Kisu cha kawaida kwetu kina msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Kisu cha kukunja hakina msuka. Makali yake huzunguka kwenye kijisumari kimoja, na uhai wake wote umo katika utepe wa chuma unaopita mgongoni, ambao hufanya kazi ya springi. Utepe huo huyabana makali yakiwa wazi na huyavuta yakifungwa. Hakuna kufuli. Anayetengeneza kwa mkono hupima nguvu ya utepe huo kwa tupa, akipunguza chuma kidogokidogo: ukilegea kisu kitajifunga juu ya vidole, ukikaza mno ukucha utang'oka kabla hakijafunguka. Mgongo wa utepe huohuo ndio hupambwa kwa michoro ya tupa, na kila fundi ana mchoro wake, kama mtu alivyo na mwandiko wake.

Makali hufuliwa kwa chuma cha pua. Chuma hupashwa moto hadi kiive wekundu, hufuliwa, kisha hutiwa matiko: huzamishwa ghafla katika mafuta ili kiwe kigumu, halafu hupashwa tena kwa joto dogo ili ugumu usigeuke kuwa wepesi wa kuvunjika. Pua ya zamani hunoleka vizuri lakini hushika kutu. Wengi sasa hutumia chuma kisichoshika kutu. Kisha huja mabamba mawili membamba ya shaba ya manjano au chuma, na juu ya mabamba hayo vipande viwili vya mpini. Mafundi wanaokiunganisha kisu kimoja toka mwanzo hadi mwisho huhesabu hatua zaidi ya mia.

Ni katika mpini ndipo kisu hukutana na viumbe hai. Mpini wa jadi ni wa pembe ya ng'ombe, hasa ncha yake, kwa kuwa ncha imejaa na sehemu nyingine ya pembe ni tupu ndani. Pembe hupashwa moto ikalainika, hukandamizwa ikanyooka, hukatwa, hupigwa tupa, husuguliwa mpaka ing'ae. Ikipata moto hunuka kama nywele zilizoungua, na si ajabu, maana imeumbwa kwa kitu kilekile kilichoumba nywele na kucha. Mafundi wengine hutumia mfupa wa ng'ombe, au miti: mzeituni, mjozi, mreteni wenye harufu inayokaribia pilipili manga. Hapana mipini miwili inayofanana, kwa kuwa hapana ng'ombe wawili wala miti miwili iliyoota sawa.

Hapa Kiswahili chatudai neno. Sisi husema pembe kwa ile ya ng'ombe, na pembe kwa ile ya ndovu, ingawa ya kwanza hutoka kichwani na ya pili ni jino. Lugha yetu imevitia katika mfuko mmoja vitu ambavyo wafanyabiashara wa Ulaya walivitenga kabisa kwa bei. Katika karne ya 19, Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu katika Afrika ya Mashariki. Pembe hizo, zilizobebwa mabegani kutoka bara, zilikwenda kuwa vibonye vya piano, mipira ya biliadi, na mipini ya visu vya matajiri. Siwezi kusema kisu gani kilivaa pembe iliyopita Bagamoyo. Najua tu kwamba biashara ilikuwa hiyo, na kwamba wapagazi waliozibeba hawakuitwa mezani kukatiwa nyama. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na mafundi wakarudi kwenye pembe ya ng'ombe na kwenye miti. Miongoni mwa miti hiyo umo mpingo wetu, mti uleule unaotoa vinyago vya Wamakonde na zumari za Wazungu.

Mji uliopoteza jina

Mwanzoni mwa karne ya 20 kisu cha Laguiole kilipata sifa kubwa kuliko mji wake. Kazi ikahamia kaskazini, katika mji wa Thiers, ambao tangu Enzi za Kati ulikuwa ukifua visu kwa nguvu ya maji ya mto Durolle. Wanoaji wa Thiers walifanya kazi wakilala kifudifudi juu ya mbao, jiwe la kunolea likizunguka chini yao, na mara nyingi mbwa wao walilala juu ya miguu yao kuwatia joto. Hao nao walikuwa mafundi wa kweli, na siwezi kuwaita wezi. Lakini baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ufuaji katika Laguiole wenyewe ulikaribia kuzimika. Kilibaki kisu kinachoitwa kwa jina la mji, na mji usiokuwa na kisu.

Moto uliwashwa tena katika miaka ya 1980. Mwaka 1987 kiwanda kipya kilianzishwa pale pale Laguiole. Msanifu Philippe Starck alikichora, akakisimamishia juu ya paa bapa la kisu lenye urefu wa mita 18. Vijana wakajifunza upya kupinda pembe na kuchora utepe. Ilionekana kama mwana wa mhunzi amerudi kuvukuta, na punde atasana.

Mwaka 1993 mfanyabiashara mmoja asiye mwenyeji wa mji huo akalisajili jina Laguiole kuwa alama yake ya biashara, kwa bidhaa za namna nyingi. Sheria haikumzuia. Kwa upande wa visu, neno lilikwisha kuwa jina la aina. Kamusi za Kifaransa huliandika kwa herufi ndogo, kama sisi tunavyoandika jambia au panga, na wakati huo mtu yeyote popote duniani aliweza kutengeneza kisu cha umbo lile na kukiita hivyo. Kwa bidhaa nyingine jina lilikuwa mikononi mwa aliyesajili. Mji wenyewe, uliolizaa jina, ukajikuta umesimama nje ya mlango.

Mwaka 2012, baada ya kushindwa mahakamani, wakazi walifanya jambo ambalo mshairi angeweza kulitunga. Waliling'oa bango la jina la mji barabarani. Walisema, kwa tendo lile: ikiwa jina si letu, basi tusiitwe. Kesi ziliendelea, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Paris ikaupa mji haki katika sehemu kubwa ya madai yake. Hata hivyo mvutano kuhusu visu haukwisha. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2014 iliruhusu kazi za mikono zilindwe kwa jina la mahali zinapotoka, na papo hapo likaja swali: mahali gani? Ni Laguiole pekee, palipozaliwa kisu, au na Thiers, palipokilea kwa karibu karne nzima?

Mimi mwenyewe nimelionja tatizo hili. Ndugu yangu alipokiona kisu cha baba alitaka mfano wake. Nikaenda katika duka moja nikanunua kilichoandikwa Laguiole kwenye bapa, chenye nyuki na msalaba vyote mahali pake. Muuzaji aliniapia kwamba mpini ni pembe. Kabla ya mwezi kuisha utepe ulilegea, na mpini ulipoguswa na sufuria ya moto ulinuka plastiki. Sikudanganywa na neno lenyewe, kwa kuwa neno lilikuwa halali. Nilidanganywa na kile ambacho neno lilikuwa limeacha kukibeba.

Na sisi je?

Ninaposimulia kisa hiki kwa wanafunzi wangu, daima mmoja hutaja "hakuna matata". Ni mfano wa haki, mradi tuuseme kwa ukweli wake. Maneno hayo yalikuwa midomoni mwetu na katika nyimbo za Kenya tangu miaka ya 1980. Kampuni ya Disney iliomba kuyasajili Marekani mwaka 1994, ilipotoa filamu yake ya simba, na usajili ukakamilika 2003. Mwishoni mwa 2018 ghadhabu ikazuka na watu wengi wakatia saini kupinga. Usajili ule haumkatazi mtu kusema "hakuna matata". Unahusu mavazi na biashara. Lakini mwenye mji wa Laguiole angetuambia kwamba hata yeye hakukatazwa kulitaja jina la mji wake. Alikatazwa kula kwalo.

Siamini kwamba dawa ni kuzungushia maneno seng'enge. Kiswahili chenyewe kimekua kwa kuazima: jambia tulilichukua kwa Waarabu, wala hakuna aliyekuja kutudai. Neno linaloazimwa husafiri pamoja na kitu chake na hupata nyumba ya pili. Ninachokiogopa ni neno kusafiri likiwa tupu, kama ganda la pembe lisilo na ncha, na sisi wenyewe tukibaki bila neno na bila kitu. Kisu cha Laguiole kiliokolewa mwanzo na watu waliojua kukitengeneza. Mahakama ilikuja baadaye. Kama pale 1987 hapangekuwa na vijana wa kushika tupa, hakimu wa 2019 angekuwa anahukumu juu ya kivuli.

Nasi tuna tupa yetu. Tunajua maneno mangapi ya kisu? Makali, ncha, bapa, mpini, ala: haya bado tunayo. Msuka, matiko, fuawe, kotama ya mgema: haya yanatoka midomoni pamoja na wazee. Kijembe kimebaki kwa sababu waimbaji wa taarabu wamekichukua, wakakinoa, na kukitumia kila siku. Neno halifi mahali linapofanya kazi.

Baba ametangulia mbele ya haki. Kisu chake ninacho, na makali yake yamepungua upana kwa miaka ya kunolewa. Rafiki yetu kule Aubrac aliniandikia kwamba sarafu ya shilingi mia anayo bado, ndani ya kikombe mezani pake. Nimewawekea wote wawili ubeti mmoja:

Jina la kisu mpini, ushikwao na mwenyewe,
Uking'oka mkononi, makali yakata wewe,
Tulichonge kwa makini, jina letu lisiliwe,
Tulishike majumbani, na wanetu waachiwe.

Ninawaomba wasomaji jambo moja. Kwenu, mhunzi wa mwisho mnayemkumbuka alikiitaje kila kiungo cha kisu alichokifua? Muulizeni aliye hai, yaandikeni maneno yake, mtuletee. Asiyeweza kusana, na avukute.